Kiti Kinachotazama Maua

Jumatatu, 3 Juni

Mwanangu Mluzi, pokea salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Sisi huku hatujambo. Baba yako hajambo, ni goti tu linalomsumbua mawingu yakitanda. Bibi yako hajambo, anasikia anachotaka kusikia, kingine hasikii. Dada yako hajambo, na shemeji yako hajambo, yule yule, anacheka kabla hajamaliza kusimulia. Mpwa wako, Kidoti, hajambo, ameota jino na anauma kila kitu mpaka kiti cha bibi. Paka hajambo. Cherehani haijambo, nimeitia mafuta jana. Mimi mama yako — tuseme sijambo.

Haya! Nimeandika barua. Na dada yako alinionya! Alinipa daftari hili akasema mama, andika yaliyo moyoni, jiandikie mwenyewe, labda utapunguza kutuuliza maswali. Sasa mtu anajiandikiaje mwenyewe? Mimi shule niliishia darasa la nne, na nilichofundishwa kuandika ni barua. Na barua bila salamu ni utovu wa adabu. Siwezi kujisalimia mwenyewe kama mtu aliyechanganyikiwa. Basi nitakuandikia wewe, na sitatuma.

Leo wamekuja watu wa kamati. Kwenye bustani ile iliyo nyuma ya posta wanajenga ukumbusho wa wanajeshi wa mji huu walioumia vitani. Waliokufa wana mnara wao tangu zamani. Walioumia hawakuwa na kitu. Sasa wamefikiria viti. Viti vya zege, vimezunguka duara, kila aliyeumia na chake, na jina lake limeandikwa kwenye egemeo. Mwenyekiti wa kamati akasema, mama, hawa wamesimama kwa ajili yetu, sasa wakae. Nilipenda alivyosema. Yule bwana ana tumbo na ana maneno.

Wakauliza jina lako liwekwe? Baba yako akasema liwekwe. Mimi nikasema liwekwe, liwekwe lote, mpaka la babu.

Nikakutumia meseji. Ukajibu: Sawa mama.

Nimeisoma mpaka chai imepoa. Sawa mama. Sawa mama. Haina sauti, hiyo ndiyo shida yake. Sijui uliisema ukiwa umekaa au umelala, umekunja uso au hukukunja.


Jumatano, 5 Juni

Koplo amekuja na suruali zake. Huyu ni yule binti wa mtaa wa juu, aliyerudi bila mguu wa kushoto. Ana mguu wa bandia, na kila akitaka kuufungua lazima avue suruali nzima, hata akiwa kwa watu. Nikamwambia lete hapa. Nikafumua mshono wa pembeni, nikatia zipu ndefu kutoka chini mpaka juu ya goti. Akaivaa, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Akasema mama, sasa nimekuwa begi! Tukacheka mpaka bibi yako akauliza kuna nini.

Kumbe mlikuwa hospitali moja ya jeshi! Hakuwahi kuniambia. Nikaacha sindano. Nikamuuliza mwanangu yukoje. Akasema tulikuwa tunamwona kwenye baraza, uso umefungwa bandeji, taya lilikuwa bado halijashika vizuri. Ana kibao kidogo, anaandika na chaki, halafu anatuonyesha. Akasema alikuwa anatuchekesha mpaka nesi anatufukuza.

Ukawachekesha! Mimi unanipa Sawa mama, na watu wa baraza unawachekesha!

Nimefurahi lakini. Nimefurahi na nimeona wivu, vyote vimekaa kwenye kifua kimoja.


Alhamisi, 6 Juni

Nimemuuliza baba yako tena. Ulivyomwona mwaka jana, alikuwaje? Akasema yupo, anakula kwa mrija, na alisema mama asije. Hayo hayo ya siku zote. Kisha akachukua bisibisi akaenda kukaza bawaba za mlango. Bawaba za mlango ule hazijawahi kulegea. Kila nikiuliza, anazikaza. Iko siku mlango hautafunguka.

Mama asije. Sawa, sikwenda. Lakini nguo zako nazifua kila mwezi, ingawa hakuna aliyezivaa.


Jumapili, 9 Juni

Makubwa! Nimekaa nje nachambua mchele, nasikia kilio kutoka kona ya barabara. Mama Redio huyo, jirani yetu, mikono kichwani, anakuja mbio, kanga inaburuta. Ananikumbatia, anasema mwenzangu, mwenzangu, kwa nini hukutuambia? Nikasema niwaambie nini? Akasema mtoto! Nimepita bustanini, nimeona jina lake kwenye jiwe!

Mchele wote chini.

Nilijua ni kiti. Nilijua kabisa. Lakini miguu haikujua. Nilikaa pale chini nikashika sinia kama usukani. Kisha hasira zikaja. Nikamwambia hajafa! Ameumia! Kile ni kiti, cha kukalia! Akafuta macho, akasema sasa jiwe lenye jina la mtu nani atalikalia? Na mimi tayari nimeweka maua.

Nikaenda mwenyewe. Kweli, viti vyenu havijapandwa bado, vimelazwa chali kwenye nyasi, majina yanatazama juu. Nani asingedhani ni makaburi? Na juu ya jina lako, maua ya Mama Redio. Na siyo yake peke yake, yapo na ya wengine.

Nikayatoa yote. Nikakaa juu ya jina lako. Watu wanapita wananiangalia, mmoja akasema pole mama. Nikamwambia pole ya nini, napumzika! Nikakaa mpaka zege ikapata joto.


Jumatatu, 10 Juni

Herufi zinakimbia mstari.

Asubuhi meseji yako. Hukusalimu. Umeandika: Mama, hicho kiti kinaelekea wapi?

Nikafurahi kwanza, maana ni swali, na swali linataka jibu. Nikajibu haraka: Vyote vinatazamana baba, uwaone wenzako, na watu wakizunguka wakuone vizuri.

Nikangoja jibu mpaka nikachoka.

Nikarudi kwenye cherehani. Kola za sare za shule, nina rundo. Nashona, nashona, na ile kauli yangu inazunguka na gurudumu. Wakuone vizuri. Wakuone vizuri. Nikakanyaga breki katikati ya kola.

Mama mjinga wewe!

Mtoto haulizi kiti kinaelekea wapi kama hafikirii kukikalia. Na mtoto aliyefungwa uso hataki kukaa katikati ya duara kama sahani mezani.

Nilitoka na tepu ya kupimia shingoni, sikubeba hata pochi. Bustanini nikamkuta fundi mwashi, yule wanayemwita Pimamaji kwa sababu hatembei bila kile kifaa chake cha kupimia kama kitu kimelala sawa. Ameshapanda viti karibu vyote. Chako ndiyo kwanza amekisimamisha, simenti ya chini bado mbichi. Kinatazama ndani, kama vingine.

Nikamwambia fundi, kigeuze.

Akasema kigeuke kiende wapi?

Nikamwonyesha ua wa maua ule wa nyuma, mrefu kuliko mtu, njia ya nyuma inapita pale na haipitwi na watu. Kitazame kule.

Akasema mama, ramani ya kamati inasema duara. Nikigeuza kimoja, mwenyekiti atanigeuza mimi. Na usinicheleweshe, hii ikishika ni nyundo tu itakayoitoa.

Nikamwambia mwanangu ameumia mdomo na taya. Hataki kutazamwa. Leo ameuliza kiti kinaelekea wapi. Tangu aumie hajaniuliza kitu, hata kama nimekula.

Akatazama mwiko wake. Nikamuuliza wewe fundi una mama? Akasema ninaye, na ana mdomo kama wako. Akaweka ile pima maji juu ya kiti, akainama akaitazama. Akasema, ya kwangu hii inasoma sawa tu, kiti kitazame mbele au nyuma. Shika huko, mama. Usiachie.

Tukakigeuza. Mimi na yeye. Kizito! Sketi imejaa simenti.


Jumanne, 11 Juni

Imeshika. Nimekisukuma, hakitikisiki. Sijamwambia mtu. Baba yako ameona sketi, akauliza, nikamwambia ni unga.


Ijumaa, 14 Juni

Mwenyekiti amekuja na jasho lake. Kesho ni uzinduzi, mgeni rasmi anakuja, na kiti kimoja kimewapa watu mgongo! Fundi kasema alipokea maagizo. Kutoka kwa nani? Kutoka kwa mama wa mwenye jina.

Nikasema ni kweli.

Baba yako akageuka akanitazama. Unga, akasema. Hilo tu.

Mwenyekiti akasema mama, huu ni mji mzima, siyo sebule yako. Mgeni akiona mgongo atasema ni dharau. Leo jioni kitavunjwa, kitawekwa kingine baadaye. Nikamwambia mheshimiwa, wewe ndiye ulisema wakae. Sasa akae unavyotaka wewe, au anavyoweza yeye?

Akasema haya mambo yana utaratibu. Akaondoka.

Nikaenda kwa Koplo. Sikujua mwingine wa kumwendea. Nilimkuta anakula, nikamweleza nikiwa mlangoni. Akafunga zipu yake, akasema twende.

Akakikalia. Kiti chako. Mafundi wawili na nyundo kubwa wamesimama, na yeye amekaa anatazama maua, amekunja mikono. Mwenyekiti akafika, akambembeleza, mara binti yangu, mara shujaa wetu. Koplo akamwambia mheshimiwa, wewe ni mwenyekiti, lakini mwenye kiti siyo wewe. Hata wale wenye nyundo wakacheka, wakageuka pembeni. Akaongeza, na mkivunja hiki, changu nitakuja kukivunja mwenyewe, mbele ya mgeni, kwa mguu huu wa chuma.

Jua lilipozama mwenyekiti akachoka. Kibaki, akasema. Lakini nitasema ni usanifu.


Jumamosi, 15 Juni

Uzinduzi. Spika zinakoroma. Nimevaa gauni la bluu. Mama Redio alikuja na maua, nikayashika njiani nikamwambia mpe mgeni rasmi.

Wakaitwa mmoja mmoja wakakaa. Yule aliyepoteza mkono. Yule asiyeona, mkewe akamwongoza, akapapasa jina lake kwa vidole kabla ya kukaa, akatabasamu. Koplo. Chako kikabaki kitupu, kinatazama upande wake peke yake.

Mgeni rasmi akauliza na kile? Mwenyekiti akasema ni usanifu, kinawakilisha wale wasiotaka makofi. Sijui aliyatoa wapi maneno hayo, lakini alisema vizuri, nikamsamehe nusu.

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa natazama njia ya nyuma.

Hukuja. Sikukwambia uje. Lakini nilikutazamia.


Jumapili, 16 Juni

Baba yako amesema.

Tulikuwa tunakunja nguo. Zako. Akashika shati lako lile la mistari, akasema hata mimi hakunitazama. Nikasema nani? Akasema mtoto. Siku ile nilipoingia chumbani alikuwa dirishani, akanipa mgongo, na hakugeuka. Nikavuta kiti nikakaa nyuma yake. Nikamwambia habari za nyumbani, za paka, za goti. Akawa anaandika kwenye kibao, anakipitisha juu ya bega nasoma, namrudishia. Tukakaa hivyo mchana kutwa. Sikuuona uso wake. Nilikuwa nakudanganya tu kuhusu mrija, nesi ndiye aliniambia.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia? Akasema ningekwambiaje kwamba nilisafiri siku nzima nikaenda kutazama kisogo?

Sikumgombeza. Nilimwambia kisogo chake nacho nilikizaa mimi. Akalia, baba yako. Safari hii hakwenda kwenye bawaba.

Na mimi nikakumbuka. Ulipokuwa mdogo, nikiwa kwenye cherehani, ulikuwa unakaa nyuma yangu kwenye benchi, mgongo wako kwenye mgongo wangu, unapiga mluzi. Mluzi huo ulikuwa unapita mgongoni kwangu kama mashine ya pili. Ukitaka kitu husemi — unagonga benchi. Ukigonga mara moja, maji. Ukigonga sana, njaa. Nami nakujibu bila kugeuka, maana nikigeuka mshono unakwenda kombo.

Kwa hiyo tunajua, wewe na mimi. Tuliwahi kuongea hivyo miaka na miaka.


Jumatano, 19 Juni

Leo nimetuma. Siyo daftarini, kwenye simu, dada yako alinisaidia herufi mbili tatu tu, mengine yangu. Nikaandika: Kiti chako nimekigeuza. Kinatazama maua, mbele yake hapakai mtu, na njia ya nyuma inakuleta bila kupita kwenye watu. Egemeo ni fupi, linaishia kiunoni. Mimi nitakaa nyuma na kigoda changu, mgongo kwa mgongo kama kwenye cherehani. Sitageuka mpaka useme.

Ukajibu! Umeandika mstari mzima! Nikisema hutanielewa mama. Maneno yanatoka vibaya.

Na mimi kwa furaha, kwa haraka, bila kuwaza, vidole vikatangulia kichwa, nikaandika: Basi piga mluzi tu, nitajua ni wewe.

Ikaenda.

Dada yako akasoma juu ya bega langu, akaziba mdomo. Mama! Mdomo wake!

Nilitaka kuivuta ile meseji irudi. Hairudi. Nikampa simu akaijaribu, hairudi, umeshaisoma.


Alhamisi, 20 Juni

Kimya.

Nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja.


Ijumaa, 21 Juni

Kimya. Bibi yako, ambaye hasikii, amesikia. Amesema mwandikie tena, mtoto hamwachi mama kwa neno moja. Akasema pia niache kuzungukazunguka, namtia kizunguzungu.

Nimeandika: Mwanangu nisamehe, mama yako ana vidole vyepesi. Mluzi siutaki. Nakutaka wewe. Ukifika gonga tu kiti, kama zamani. Jumapili alasiri nitakuwa pale, na Jumapili inayofuata, na zote. Nisipojibiwa nitakuja vilevile.

Nikaifuta Nisipojibiwa. Nikairudisha. Nikatuma.


Jumapili, 23 Juni

Naandikia bustanini, daftari liko magotini. Nimeleta kigoda, chupa ya chai, na shati lako la mistari nililopunguza kola isikukwaruze shingoni. Sijui kama umekonda. Nimelipima kwa kumbukumbu.

Nimekaa nyuma ya kiti chako. Mgongo wangu uko kwenye egemeo, zege ni ya baridi, lakini inaanza kushika joto. Mbele yangu ni viti vya wenzako. Sasa watu wameanza kuvikalia, wamezoea. Mama mmoja ananyonyesha kwenye kiti cha Koplo. Yule asiyeona yuko kwenye chake na mkewe wanasomeana gazeti, yaani mke anasoma, yeye anabisha. Pimamaji amepita, ameweka kile kifaa chake juu ya kiti chako, akatazama, akasema bado sawa mama, akaenda zake. Mama Redio amenipungia mkono kutoka barabarani. Hakulia.

Simu haijasema kitu. Naigeuza kifudifudi. Naigeuza tena.

Nimemimina chai vikombe viwili, kimoja nimekiweka juu ya egemeo, nyuma ya kichwa changu, nilikuwa napapasa tu. Nimeweka na mrija.

Ukija nitakwambia za nyumbani, moja moja. Goti la baba yako. Jino la Kidoti. Bibi yako anasema ukija umletee peremende laini.

Watu wanaanza kuondoka. Mama wa mtoto ameondoka. Yule bwana na mkewe wamekunja gazeti.

Kokoto za njia ya nyuma zinalia. Mtu anatembea. Anasimama. Anatembea tena. Siyo mwendo wa fundi, fundi anaburuta.

Yule mke wa asiyeona amenyanyua macho, ametazama nyuma yangu, na ameyashusha haraka kwenye gazeti walilolikunja. Mumewe anamuuliza nani? 

Sigeuki. Niliahidi, sigeuki. Shingo inauma kwa kutogeuka. Kikombe kimeinuliwa — nimesikia kikikwaruza zege.

Mwanangu, kama ni wewe, gonga. Mara moja inatosha. Gonga upesi, mama yako anango—